Kipande Kinachosahau

Kila Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, Édouard alikuwa hai. Siku nyingine za juma hakuna aliyejua.

Ndivyo mke wake, Josiane, alivyomweleza OPJ Béata Kanyere, afisa wa upelelezi wa Masisi, na Béata akaandika neno kwa neno bila kuinua uso. Édouard alikuwa katibu wa kamati ya milima. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na kompyuta yake mgongoni, akiandika ushahidi wa wazee juu ya mipaka ya mashamba. Miezi kumi na moja iliyopita aliondoka Bihambwe kwenda Walikale na hakurudi. Kisha, wiki nne zilizopita, kwenye simu ya Josiane, kando ya jina la mumewe pakatokea kidoa cha kijani: en ligne, yuko mtandaoni. Josiane akaandika. Hakujibiwa. Jumamosi iliyofuata akaandika tena. Jumamosi ya tatu kikarudi kidole gumba kimoja cha bluu, kimesimama wima, bila neno.

“Muntu ya kufa anatumaka kidole?” Josiane aliuliza.

Béata alikuwa ameandika habari za wafu wengi kuliko alivyopenda kukumbuka, na kwa swali hilo hakuwa na fomu. Ukoo ulitaka kuketi kilio. Mama mkwe, kizee aliyelala chumba kimoja na Josiane, alikuwa ameacha kusali kwa sauti kwa sababu hakujua amtaje mwanawe pamoja na wazima au pamoja na marehemu. Josiane aliwagomea wote. Kwa serikali alitaka jambo moja tu: aambiwe kama mume wake yu hai, ajue yeye mwenyewe ni mke au ni mjane.

Kampuni ya simu ilichukua siku tisa kujibu barua ya Béata, na jibu lenyewe lilikuwa neno moja: Mweso. Ndiyo maana Jumamosi hii ya tano alikuwa huko, mjini penye hospitali, siku ya soko, akipita kibanda kwa kibanda na kuuliza nani anafungua intaneti siku ya soko peke yake. Cha kwanza kilikuwa na mashine iliyokufa tangu Pasaka. Cha pili kilikuwa cha kunyoa. Cha tatu kilikuwa na panneau ya jua juu ya bati na ubao ulioandikwa SECRÉTARIAT, na ndani yake mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyeitwa Mamy alikuwa akipiga barua ya mteja kwenye kompyuta kwa vidole viwili.

“Bonjour, Mama. Ni kuandika ao ni kutosha photocopie?”

Béata alitazama kioo cha mashine. Mamy alikuwa amefunga barua ili amhudumie, na nyuma ya barua ilikuwa picha ya Édouard. Alikuwa amesimama kilimani na watoto wawili, amekunja macho kwa ajili ya jua. Picha ileile Béata alikuwa nayo kwenye faili, imebanwa kwa pini. Tuseme ukweli: aliogopa. Alijua hakuna mzimu unaolipa patente ya kibanda, lakini miguu yake haikujua.

“Huyu ni nani?”

“Huyu? Njo mwenye mashini.” Mamy alisema kama anayemtaja mpangaji. “Nilimukuta mule ndani. Kila asubuyi nikifungua, inaandika Bonjour Édouard. Nami namuitikia bonjour.”

“Haukubadirisha ata photo?”

“Nilipima, Mama. Moyo ikakatala. Iko anaangalia muntu muzuri, siwezi kumufukuza mu nyumba yake.”

Béata akatoa kitambulisho chake na kukiweka mezani. Mamy alikisoma mara mbili.

“Ulituma kidole,” Béata alisema.

Mamy akaketi vizuri. Alijaribu kutafuta uongo, ukaonekana kabisa usoni ukitafutwa, kisha akauacha.

“Tangu mwezi moja, kila Jumamosi naombaka connexion ku simu ya shemeji yangu, nitume barua za bantu. Connexion ikiingia tu, ile kintu inajifungua yenyewe, message zinakuya. ‘Papa Aline, uko wapi.’ ‘Papa Aline, mama anagonjwa.’ Nilizani ni bibi anatafuta bwana mwenye alikimbia. Haikuwa mambo yangu. Ile siku client alikuwa anangoja, message ikafunika barua yake yote, nikafinya fasi yoyote ili itoke. Kukaenda kidole.” Alijifuta mikono kwenye kitenge ingawa haikuwa na kitu. “Alikufa?”

“Njo natafuta.”

“Yule mama alizani ni yeye.”

“Alizani.”

Béata hakuwa na namna ya kumpunguzia hilo. Kisha akauliza maswali ya kazi, moja baada ya jingine. Mashine aliinunua lini? Miezi miwili iliyopita, Kitshanga, kwa fundi anayeitwa Callixte. Aliifungua kwa neno gani la siri? Mamy alionyesha karatasi iliyobandikwa chini ya kioo: dimanche, yaani Jumapili. Callixte ndiye aliyempa.

“Alikuwaka muntu ya kanisa, kweli,” Mamy alisema.

Béata akaandika kwenye daftari: mtu wa kanisa. Kosa hilo lingemla karibu mchana mzima.

“Na mu Documents kuko nini?”

“Haifungukake. Ukifinya pale, mashini inaanza kulia: tik, tik, tik, na yote inasimama. Njo maana natumikaka ku clé yangu tu, hii ya kuchomeka pembeni. Lakini kwa kuandika inaenda mbio. Callixte alisema alishaka kuitia mémoire mupya.”

“Mémoire mupya,” Béata alirudia. Kumbukumbu mpya: hilo alilipigia mstari.

Akaandika karatasi ya kukamata mali, Mamy akatia sahihi. Ilikuwa ndiyo kazi yake yote iliyokuwa ikiondoka, na hakubishana. Aliipangusa kioo kwa upindo wa kitenge kabla ya kuifunga, akaomba tu waichunge na mvua.

* * *

Kutoka Mweso hadi Kitshanga Béata alipanda pikipiki na kuikumbatia mashine kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni. Barabara ilikuwa matope. Kwenye kila kizuizi mtu alitaka kujua amebeba nini, naye alijibu kila mara “dossier,” faili la kesi, na haukuwa uongo.

Callixte alikuwa na meza ndefu kwenye njia iendayo soko la ng'ombe, na miwani yenye mkono mmoja wa waya. Hakutazama kioo wala picha. Aligeuza mashine kifudifudi na kutazama skrubu.

“Hii vis moja ni yangu. Ya kwake ilipoteaka.”

“Nani aliileta?”

“Ngoja.” Alifungua skrubu kumi na moja, akazipanga kwa safu juu ya kitambaa, akainua kifuniko cha chini. Ndani, upande wa kushoto, palibandikwa ukanda wa gundi wenye wino mweusi. Callixte alikuwa fundi wa kuandika. Kila mashine aliyoifungua iliondoka na karatasi yake tumboni. Huu ulisema: 14/3, 2 × 4 Go, Prince.

Béata alimfahamu Prince mmoja. Ni motard, dereva wa pikipiki, aliyemchukua Édouard hadi Nyabiondo, aliyehojiwa mara mbili na kulia mara mbili.

“Prince motard? Mufupi, anacheka kila saa?”

“Hapana. Huyu alikuwa murefu. Koti ya mvua, mabote, harufu ya ng'ombe. Na hakucheka. Nilimupa kiti, akakatala, akasimama pale ku nguzo.” Callixte alifikiri. “Jina nilimuuliza mara mbili. Mara ya kwanza hakusikia. Muntu anasahauka jina yake?”

Basi jina lilikuwa la kuazima. Tarehe haikuwa ya kuazima. Ujumbe wa mwisho wa Édouard kwa mkewe ulitumwa tarehe 12, kutoka kilima cha mwisho chenye mtandao. Siku mbili baadaye mashine ilikuwa imekwisha kutoka msituni na kufika Kitshanga, bila mwenyewe.

“Aliomba nini? Nataka maneno yake, si yako.”

“Alisema ivi: ‘Toa mémoire yake yote, utie ingine mupya. Ile ya zamani unipe mu mukono.’ Nikamuambia, papa, kama mashini inaenda pole pole, tubadirishe disque, tutie SSD, itakimbia. Akasema: ‘Sitaki ikimbie. Nataka isahau.’”

Béata aliacha kuandika.

“Na weye haukuona ni maneno ya ajabu?”

“Mama OPJ, huku bantu banasemaka mémoire ku kila kintu. Kakarte ka simu ni mémoire. Clé ni mémoire. Kitabu mwanafunzi anaandikaka kwa kumaliza université, nayo ni mémoire. Muntu akiniambia toa mémoire, natoa mémoire.” Alionyesha kwa ncha ya bisibisi vipande viwili vyembamba, vimelala katika vitanda vyao. “Barrettes. Ya kwake zilikuwa mbili, giga mbili mbili. Nilitia mbili za giga ine ine. Za zamani nikazifunga mu karatasi, nikamupa. Akazitia mufuko ya ndani.”

“Na hizo barrettes zinachungaka nini?”

Callixte alianza kucheka, kisha akaona ni nini alichokuwa anaulizwa, kicheko kikakatika.

“Kintu hakuna. Hizi ni meza ya kutumikia, si sanduku. Ukizima mashini, zinasahau yote, palepale. Yenye inachungaka ni hii.” Bisibisi ilihamia kwenye kisanduku bapa cha chuma pembeni. “Disque. Na disque sikuigusa.”

Béata alikaa akiitazama. Kwa hiyo mtu fulani alitembea kutoka msituni na siri, akamlipa fundi, akaondoka amebeba kifuani kile kipande kimoja cha mashine kinachosahau chenyewe bila kuombwa. Kile kisichosahau alikiacha mezani. Angekuwa na mtoto shuleni wa kumuuliza, kesi hii isingekuwapo.

“Kwa nini aliiacha kwako?”

“Sijue vile nitakueleza.” Callixte alivua miwani. “Nikaiwasha mbele yake, nimuonyeshe inaenda. Ikaomba mot de passe. Akasema bila kufikiri: dimanche. Nikaandika, ikafunguka, picha ya huyu papa na batoto ikatoka. Yule muntu akaangalia. Akaniambia pole pole: ‘Nilisema umutoe.’ Nikamuambia, nimetoa, papa, ni hizo uko nazo. Akasema tena: ‘Nilisema umutoe.’ Akaenda. Kofia yake ilibakia hapa ku meza. Mashini, nilimungojea miezi tisa, kisha nikaiuzisha.”

Upepo wa mlimani ulipita chini ya turubai, na wote wawili wakawa na kisingizio cha kujikunyata.

Callixte alichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake mwenyewe, akalaza sikio juu yake. Tik, tik, tik. Alitikisa kichwa.

“Iko inakufa. Tukiisoma ovyo ovyo itatufia mu mikono. Tunakopia yote ku SSD, mara moja tu, hatuigusi tena. Ikipita, imepita.”

“Na isipopita?”

“Hakuna mara ya pili.”

Ndivyo walivyoanza. Béata alitia sahihi, Callixte akatia sahihi, namba ya diski ikaandikwa. Kwenye kioo mstari wa bluu ulianza kujaa: asilimia mbili, tatu, tano. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na Béata hakuwahi kujua kungoja. Alipiga simu kwa wachungaji watatu na katekista mmoja, kutafuta mtu mrefu wa kanisa mwenye koti la mvua. Wa kwanza alikuwa na warefu sita. Wa pili alimhubiria. Katekista alisema angeuliza, na sauti yake ilisema hatauliza.

Kwenye asilimia sitini na moja mstari ukasimama. Diski ilitoa mlio mrefu, kama mlango, ikanyamaza. Callixte aliweka kiganja juu yake, hakuigusa zaidi ya hapo. Walisubiri. Ng'ombe walipita njiani, mwenye ng'ombe akapita nyuma yao. Sitini na mbili.

Hapo ndipo Béata alipofanya alichopaswa kufanya asubuhi, akampigia Josiane.

“Mama Aline, neno dimanche inakuambia nini?”

“Dimanche?” Na Josiane akacheka. Béata hakuwa amewahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa cha msichana. “Ni ng'ombe. Ng'ombe ya wao ya butoto, alizaliwa siku ya Mungu, bakamuita vile. Bakamuiba wakati ya vita. Édouard alikuwa ananihadisiaka, ata akiwa mukubwa, nikamuchekaka.”

“Nani mwengine anaijua?”

“Mama yao. Na...” Kicheko kiliisha. “Na Thierry. Bale batoto bawili, yeye na Édouard, njo balimulilia. Juu ya nini unauliza?”

“Nitakuya kukuambia.”

“Sema sasa.”

“Nitakuya, Mama Aline.”

Thierry, mdogo wake Édouard, mchungaji wa ng'ombe. Kwenye faili alichukua nusu ukurasa. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimsindikiza mkubwa wake hadi Nyabiondo, akageuka nyuma tarehe 10, homa ikamlaza njiani siku kadhaa. Tangu mwezi wa saba ndiye aliyesukuma kuliko wote ukoo uketi kilio. Béata alikuwa ameyaona hayo kama uchovu wa huzuni. Sasa aliyasoma upya, akajiuliza kwa nini hakushangaa mapema kwamba katika nyumba nzima ya watu wasiojua, mmoja alikuwa na hakika.

Mia moja.

Callixte aliifunga diski ya zamani ndani ya bahasha, Béata akaipiga muhuri. Ile mpya, nyepesi kama kipande cha biskuti, ikaingia mahali pake. Skrubu kumi na moja. Alibonyeza, na kabla hawajavuta pumzi Édouard alikuwa mbele yao kilimani amekunja macho. Mashine haikuwahi kwenda vizuri hivi siku zote za uhai wa mwenyewe. Documents ilifunguka kwa mguso mmoja. Ushahidi wa wazee, mlima kwa mlima, na mwisho wa orodha daftari la safari, lililoandikwa kila jioni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari michache:

*12/3. Tunalala kwa papa muwindaji. Amenieleza mipaka ya pori tangu babu yake, nimeandika yote. Thierry iko anabeba mashini, juu mugongo yangu inauma. Kesho tunapita muto. Anaogopa kidogo lakini hasemi. Sikumulazimisha, alikuya mwenyewe. Niko na mudogo muzuri.*

Callixte alisoma juu ya bega la Béata. Akavua miwani na hakuirudisha.

* * *

Saa saba mchana wa kesho yake, juu ya Bihambwe, ukungu ulikuwa haujatoka kwenye malisho. Thierry alikuwa mrefu, amevaa mabuti, na alipoona sare hakukimbia. Béata aliketi juu ya ua wa miti, akafungua mashine magotini, akamgeuzia kioo.

Thierry alimtazama kaka yake muda mrefu.

“Nilimutoa,” alisema. “Nilitupa mémoire yake mu muto, na mukono yangu.”

“Ulitupa ile yenye inasahauka. Yenye inachungaka ilibakia.”

Alionekana kulielewa hilo polepole, na likamchosha. Alikaa chini kwenye majani mabichi.

“Ulifika Nyabiondo ukarudi?”

“Hapana.”

“Ulifika wapi?”

“Mupaka mu mwisho.”

“Sema.”

“Tulikuwa tumepita muto. Miye nilikuwa mbele, na mashini mu mugongo. Bakatoka mu majani nyuma yangu, bantu ine, na bunduki. Balimuona yeye. Miye hawakuniona. Nikajitupa mu shimo ya maji.” Alizungumza kwa upole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. “Akaniita. ‘Thierry.’ Hakusema unisaidie. Nazani alitaka tu kujua kama niko. Akaita mara tatu.”

“Na weye?”

“Nilijifunga kinywa na mukono. Ivi.” Alionyesha. “Bakamuuliza: ‘Thierry ni nani?’ Akasema: ‘Ni mutoto yangu, iko ku nyumba.’ Kisha bakamupiga.”

Béata aliandika.

“Njo alikufa?”

“Nilirudia musiku... hapana, ilikuwa magaribi. Alikuwa ameisha kupoa. Nikamuzika na panga na mikono, chini ya muti, nikakata alama tatu. Naweza kukupeleka ata macho imefungwa. Nimeenda pale kila usingizi.”

“Kwa nini haukusema?”

“Nilifika ku nyumba, mama akaniuliza ‘Mukubwa yako iko wapi?’ Kinywa ikasema ‘Nilimuacha Nyabiondo.’ Sikuipanga. Ilitoka. Na ikiisha kutoka, sikupata tena njia ya kuirudisha.” Alitazama kioo. “Nilijua yeye anaandikaka yote kila magaribi, na nani alikuwa naye. Nilitaka mashini isahau kwanza. Kisha miye pia nisahau. Kisha nikaona uso yake.”

Kisheria kulikuwa na maneno ya kutosha kumweka ndani: kutosaidia mtu hatarini, kuficha kifo, ushahidi wa uongo. Béata aliyajua yote kwa vifungu vyake. Alikuwa na hasira naye, hasira kubwa, kwa ajili ya wanawake wawili waliongojeshwa miezi kumi na moja. Na alikuwa anamhurumia. Mambo hayo mawili hayakukubali kuchanganyika, akayabeba yote mawili kushuka mlima, na Thierry akitangulia bila pingu.

Josiane alikuwa uani anachambua maharagwe. Aliona mashine mikononi mwa OPJ, akaona nani aliyetangulia. Tangu mwaka jana Thierry hakuwahi kuvuka ua huo. Kila Ijumaa aliacha mzigo wa kuni nje na kuondoka. Josiane akainuka, ungo ukabaki chini.

“Weye usiniambie,” alimwambia Béata. Akamgeukia shemeji yake. “Sema weye.”

“Alikufa, shemeji.”

“Lini?”

“Tarehe kumi na tatu, mwezi ya tatu.”

“Ulikuwa pale.”

“Nilikuwa.”

Josiane alitikisa kichwa taratibu, kama anayehakikisha hesabu ya mtoto.

“Donc niko mujane tangu mwezi ya tatu. Na nilikuwa napikaka ya bantu batano.” Macho yake yalikuwa makavu, na Béata alitamani yasiwe hivyo. “Alisema nini ya mwisho?”

Thierry akamwambia. Aliyasema maneno yale kama yalivyokuwa, hakuongeza kitu. Josiane alishika nguzo ya ua. Alimtazama kijana huyo mrefu aliyeitwa mtoto na mtu aliyekuwa anakufa, na kwa kitambo kile Béata hakujua kama atampiga au atamkumbatia. Hakufanya lolote.

“Mama yenu iko ndani,” alisema. “Ingia.”

“Siwezi.”

“Utaweza. Miye nilikuwa namudanganya kila siku, namuambia atarudia, na sikujua kama nadanganya. Nimechoka. Neno iko kwako.”

Thierry akavua mabuti yake mlangoni. Alichukua muda mrefu kuyavua. Kisha akainama, kwa kuwa mlango ulikuwa mfupi, na giza la ndani likamchukua.

Béata alibaki uani na mashine imefungwa chini ya kwapa. Josiane alisimama kando yake, hawakugusana. Ndani kitanda kililia, mtu alikuwa akiinuka kwa shida.

“Thierry?” sauti ya kizee iliita. “Ni weye?”

“Niko, mama,” alisema. “Njo miye.”

Béata alitazama saa yake, kwa sababu procès-verbal, karatasi ya ushahidi, inataka saa, akafungua daftari na kungoja. Sauti ya kijana ilikuwa ndogo, maneno hayakufika nje. Kisha yule mama akapiga ukelele, majirani wakaanza kutoka mashambani wakishuka mlima, na Josiane akaingia mbio ndani. Béata akaandika: 15 h 20, kilio kimeanza.